Sikukuu za maorisha wa Bahia huanza jikoni

Picha zinazosambaa kila mwaka kutoka Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazili, ni zile zile: maelfu ya watu waliovaa meupe ufukweni, vikapu vya maua vikielea, wanawake wenye sketi pana wakimwaga maji kwenye ngazi za kanisa. Ni picha nzuri, ila zinaonyesha saa za mwisho tu za kazi ndefu. Candomblé ni dini iliyojengwa Brazili na Waafrika waliopelekwa utumwani pamoja na wazao wao, na ndani yake sikukuu ya orisha, yaani mmojawapo wa miungu yake, huwa imeshaamuliwa jikoni kabla ngoma haijapigwa: kimepikwa nini, kimepikwa na nani, kimetiwa mafuta gani, nani amelishwa kwanza. Anayejua orisha fulani anakula nini na anakataa nini ameshaelewa sehemu kubwa ya dini yenyewe. Kwa hiyo nitaupitia mwaka wa Bahia kwa kufuata vyungu vyake.

Kabla ya hapo, mambo mawili. Herufi x katika majina haya husomwa "sh", basi Xangô ni Shango na Exu ni Eshu. Na Candomblé si kitu kimoja. Nyumba za ibada, zinazoitwa terreiro, hujigawa kwa "mataifa". Taifa la Ketu hufuata asili ya Kiyoruba na maorisha wake. Jeje lina asili ya Dahomey, Benin ya leo, na huwaita miungu wake vodum. Taifa la Angola ni la Kibantu. Maneno yake ya ibada hutoka Kikongo na Kimbundu, miungu wake huitwa inkisi, wakiwemo Nkosi, Nzazi wa radi na Kavungo wa maradhi, na juu ya wote yuko Nzambi. Hapa nafuata zaidi desturi za Ketu, kwa kuwa nyumba kubwa za Salvador zinazojulikana sana, kama Casa Branca, Gantois na Opô Afonjá, ni za taifa hilo.

Msomaji mgeni hushangaa kuona tarehe nyingi zimekaa juu ya siku za watakatifu wa Kikatoliki. Sababu yake ni ya kihistoria na ni chungu. Wakati wa utumwa ibada ya wazi haikuwezekana, na hata baadaye, hadi Januari 1976, nyumba za Candomblé za Bahia zilitakiwa kupata kibali cha polisi kabla ya kufanya sherehe. Mtakatifu alikuwa kivuli cha kujikinga nacho. Mwaka 1983 Mãe (yaani Mama) Stella, kiongozi wa Opô Afonjá, pamoja na mama wengine wakuu wa nyumba za Salvador walitoa tamko la kukataa mchanganyiko huo: Iansã ni Iansã, wala si Santa Bárbara. Naona walikuwa na haki kabisa. Tarehe lakini zimebaki, kwa sababu watu wameshazizoea, na zinabadilika kutoka mji hadi mji kwa kuwa kila mji ulimshika mtakatifu wake. Iemanjá, orisha wa bahari, husherehekewa tarehe 2 Februari Salvador, tarehe 8 Desemba Recife, na Rio de Janeiro watu wengi humpelekea maua usiku wa kuamkia mwaka mpya. Anayepanga safari kwa kusoma tarehe ya mji mwingine hufika akakuta pwani tupu.

Wa kwanza kulishwa, sikukuu iwe ya nani, ni Exu. Yeye ndiye mwenye njia panda na mchukuaji wa maneno. Asipokula kwanza, maombi hayafiki. Chakula chake huitwa padê. Unga wa muhogo uliokaangwa hukorogwa kwa ncha za vidole pamoja na mafuta ya mawese kidogo kidogo, mpaka kila chembe ishike rangi lakini unga ubaki umeachana. Ukigandamana kuwa bonge, mafuta yamezidi. Mafungu mengine hutiwa maji au pombe ya miwa badala ya mawese, kwa utaratibu wa nyumba. Kumfananisha Exu na Shetani ni kosa lililoletwa na wahubiri wa kale, na bado linaleta madhara: terreiro huvamiwa na kuchomwa kwa kisingizio hicho hicho. Tangu 2007 Brazili ina siku ya taifa ya kupinga chuki za kidini, tarehe 21 Januari, iliyowekwa kwa kumkumbuka Mãe Gilda, mama wa terreiro ya Salvador aliyefariki mwaka 2000 baada ya kushambuliwa na kuchafuliwa jina.

Januari ni mwezi wa Oxalá, mzee wa uumbaji, mwenye rangi nyeupe na siku ya Ijumaa. Alhamisi inayotangulia Jumapili ya pili baada ya Epifania, msafara hutoka kanisa la Conceição da Praia na kutembea kilomita 8 hivi hadi kilima cha Bonfim, penye kanisa la Kristo anayefananishwa na Oxalá. Wanawake hubeba vichwani mitungi ya maji yenye manukato ya lavanda na maua meupe, wakifika wanaosha ngazi na ua wa kanisa. Ndani hawaoshi, maana mwishoni mwa karne ya 19 askofu mkuu alipiga marufuku. Utepe maarufu wa Bonfim, ule unaofungwa mkononi kwa mafundo matatu, kipimo chake cha asili ni sentimita 47, urefu wa mkono wa kulia wa sanamu ya Kristo iliyomo kanisani humo.

Ila sikukuu ya Oxalá iliyo ya ndani kabisa haimo kwenye msafara huo. Inaitwa Maji ya Oxalá, na nyumba kubwa huifanya kati ya mwisho wa Agosti na Septemba au baadaye kidogo, kila moja kwa ratiba yake. Kisa chake ni hiki. Oxalá mzee alisafiri kwenda kumtembelea Xangô, mfalme wa Oyó. Alionywa asisafiri, akashika njia. Exu akamchafua nguo mara tatu, mojawapo kwa mafuta ya mawese. Alipofika karibu na mji akadhaniwa mwizi wa farasi, akatiwa gerezani miaka saba, na nchi ikaingia ukame na maradhi. Xangô alipogundua, akaamuru watu wote wavae meupe, wakachote maji kimya kimya na kumwogesha mzee. Ndiyo maana alfajiri ya Ijumaa, kabla jua halijatoka, watu wa nyumba hupanga mstari wakiwa na mitungi kichwani, wanakwenda chemchemini na kurudi bila kusema neno hata moja. Kazi yote iko katika ukimya huo. Wiki zinazofuata mzunguko huendelea na kumalizika kwa sherehe ya Mchi, ya Oxaguiã, yaani Oxalá kijana, ambapo viazi vikuu vilivyotwangwa ndivyo vinavyotawala.

Kutokana na kisa hicho ndiyo unaelewa miiko yake: hapana mawese, hapana chumvi, hapana tembo la mnazi wala la mchikichi. Chakula chake ni mahindi meupe yaliyokobolewa, yakalowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa maji matupu mpaka yalainike bila kupasukapasuka. Yakitokota kwa moto mkali hupasuka, maji yakawa uji. Moto wa wastani na kifuniko kilichoachwa wazi kidogo vinatosha. Maji yake hayamwagwi, kwani hutumika kuogeshea kichwa mtu aliyevurugikiwa na kumpoza. Kosa linaloharibu kila kitu ni chombo. Sufuria au mwiko uliowahi kupikia mawese hubaki na harufu na rangi hata ukisuguliwa, kwa hiyo jiko la terreiro huwa na vyombo vya Oxalá pekee, mbali na vingine.

Halafu Februari, Iemanjá. Sikukuu ya Rio Vermelho, mtaa wa pwani wa Salvador, ilianzishwa na wavuvi katika miaka ya 1920, samaki walipoadimika wakaamua kumpelekea zawadi mama wa maji, na hadi leo chama cha wavuvi ndicho mwenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo sadaka hutangulia kwa Oxum katika ziwa la Dique do Tororó, maana maji baridi nayo yana mwenyewe na haifai apitwe. Alfajiri hulipuliwa fataki, watu wanaanza kupanga foleni ya kuweka zawadi zao katika vikapu vikubwa, na alasiri, saa kumi hivi, mashua huondoka na zawadi kuu iliyoandaliwa na terreiro. Kikapu kikizama, amepokea. Kikirudi ufukweni, amekataa.

Na hapa pana jambo la kusemwa waziwazi, maana linaumiza. Vitu vinavyorudi ufukweni kesho yake ni plastiki: fremu za vioo, wanasesere, vitana, karatasi za kung'aa za kufungia maua, chupa. Vinarudi kwa sababu vinaelea, na visivyorudi humezwa na kasa na samaki. Kumpa mama wa bahari kitu kinachoua watoto wake si sadaka. Viongozi wa terreiro wamekuwa wakilisema hili kwa miaka, na njia sahihi ni rahisi. Maua yatolewe karatasi, utepe, waya na sifongo ya kuchomekea, yabaki maua tu. Manukato yamiminwe juu ya maua au majini, chupa irudi nyumbani. Kitana kikiwepo kiwe cha mti. Barua iandikwe kwa penseli kwenye karatasi isiyo na nta. Kikapu kiwe cha ukindu au nyuzi nyingine za asili, kisichofunikwa kwa kitambaa cha nailoni, na chini yake kitiwe chakula, kwa kuwa chakula kina uzito na ndicho kinachokizamisha. Kikapu cha maua matupu kitaelea hadi kirudishwe na upepo.

Chakula hicho ni mahindi meupe kama ya Oxalá, isipokuwa haya huungwa kwa kitunguu na kamba wakavu, au uji mzito wa nazi unaogandishwa. Kwa lita 1 ya tui tia gramu 80 za wanga wa mahindi na sukari kiasi. Wanga uvurugwe kwanza na tui baridi. Ukitiwa kwenye tui la moto hufanya madonge yasiyoyeyuka tena. Koroga mpaka uache kingo za sufuria, mimina kwenye bakuli lililolowanishwa maji, ngoja saa kadhaa upoe. Salamu yake ni Odoiá.

Wakati wa Kwaresima nyumba nyingi hufunga, ngoma zikanyamaza hadi Pasaka. Wageni wanaofika Machi wakitafuta sherehe huondoka mikono mitupu.

Mwisho wa Juni ni wa Xangô na mioto yake. Opô Afonjá, nyumba iliyoanzishwa na Mãe Aninha mwaka 1910, ni nyumba yake, na ina mawaziri kumi na wawili wa Xangô wanaoitwa obá. Chakula chake ni amalá: bamia zilizokatwa ndogondogo, zikapikwa kwa mawese, kitunguu na kamba, zikamiminwa juu ya ugali laini ndani ya chano cha mti, na bamia nzima kumi na mbili zikasimamishwa juu. Sharti lake kubwa ni joto. Xangô hula kinachofuka moshi, kwa hiyo amalá hupakuliwa dakika ya mwisho kabisa, na anayeibeba hutembea upesi. Ikipoa njiani imeharibika hata kama ladha ni nzuri.

Agosti ni ya Omolu, anayeitwa pia Obaluaê, mwenye ndui na mwenye tiba, ambaye uso wake umefichwa kwa nyuzi za mchikichi. Sikukuu yake, Olubajé, ni karamu ambamo vyakula vya maorisha wote huletwa, isipokuwa cha Xangô kwa ugomvi wa zamani kati yao. Hakuna sahani. Kila mtu hupewa jani la mbarika, akatiliwa kidogo cha kila kitu, akala kwa mkono. Jani hilo ni chombo wala si mboga, na mbegu za mbarika ni sumu kali, kwa hiyo anayechuma achume majani tu, ayaoshe na kuyafuta. Mtu akishakula, hulikunja jani pamoja na mabaki, akajipangusa nalo mwilini, kisha likatupwa kapuni likapelekwe nje. Wengine husahau wakaliweka mfukoni kama kumbukumbu. Hapo umerudi nyumbani na kile ulichokuja kukiacha.

Bisi ndizo maua ya Omolu. Hukaangwa kwa mchanga, bila mafuta wala chumvi: mchanga safi wa bahari, uliooshwa na kuanikwa ukakauka kabisa, huwekwa vikombe viwili katika sufuria nzito, ukipata moto sana hutiwa nusu kikombe cha mahindi na kukorogwa mfululizo. Mchanga wenye unyevu huzima joto, mahindi yakaungua bila kupasuka. Zikishapasuka huchekechwa. Salamu, Atotô, ni ya kuomba kimya, basi wakati wake usipige vigelegele.

Tarehe 27 Septemba ni siku ya mapacha, Ibeji, chini ya kivuli cha Kosma na Damiano. Hii ndiyo sikukuu iliyoingia zaidi majumbani mwa watu wa kawaida Bahia, hata wasiokanyaga terreiro. Rio watoto hugawiwa mifuko ya peremende. Bahia hupikwa caruru, na ukubwa wake huhesabiwa kwa bamia. Mtu huweka nadhiri ya bamia elfu, na bamia elfu zinakatwa, kwa mikono ya majirani.

Kwa bamia 100, zinazotosha watu kumi na tano hivi pamoja na vitoweo vingine, andaa gramu 250 za kamba wakavu, gramu 100 za karanga na 100 za korosho zilizokaangwa na kusagwa, vitunguu vitatu vikubwa, kipande cha tangawizi, ndimu moja, na kikombe kimoja cha mawese. Bamia zioshwe na kufutwa kwa kitambaa mpaka zikauke kabla hazijaguswa na kisu, kwani zikikatwa na maji hutoa ute maradufu. Kila moja hupasuliwa msalaba kwa urefu, kisha hukatwa vipande vidogo sana. Saga vitunguu, kamba na tangawizi, kaanga katika nusu ya mawese, tia bamia na maji ya ndimu, kisha maji ya moto kidogo kidogo. Karanga na korosho zinaingia mwishoni, kwa kuwa hushika chini zikaungua. Chumvi usitie kabla ya kuonja. Kamba wanayo ya kutosha. Imeiva mbegu zinapogeuka rangi ya waridi, na hapo nusu ya pili ya mawese inamiminwa. Pembeni huwekwa kuku, kunde, wali, ndizi za kukaanga, bisi, vipande vya nazi na miwa.

Kisha watoto saba huketi chini kuzunguka beseni moja, wakala kwa mikono, huku watu wazima wakiimba. Mpaka watoto wamalize, hakuna mtu mzima anayepakuliwa. Kosa la kawaida ni kutia pilipili chunguni: watoto hawatakula, na wasipokula wao sikukuu haikufanyika. Pilipili ikae kwenye bakuli lake. Nyumba nyingi huacha bamia chache nzima ndani ya chungu, na atakayeikuta kwenye sahani yake ana deni la kupika caruru ya mwaka ujao.

Desemba 4 mitaa ya kale ya Pelourinho hugeuka nyekundu kwa ajili ya Iansã, mwenye upepo na dhoruba. Maandamano hutoka kanisa la Rosário dos Pretos na kupitia kambi ya wazima moto. Chakula chake ni acarajé, aina ya bajia za kunde, na ufundi wa wanawake wanaoiuza ulisajiliwa na taasisi ya taifa ya urithi, IPHAN, mwaka 2005. Kilo 1 ya kunde hupaazwa, hulowekwa saa nne au zaidi, husuguliwa hadi maganda na macho yote meusi yaelee yakatolewe. Jicho likibaki linaacha madoa na uchungu. Kunde husagwa karibu bila maji, zikachanganywa na vitunguu viwili vilivyosagwa, halafu zinapigwa kwa mwiko wa mti robo saa au zaidi mpaka rojo ivimbe na iwe nyepesi. Chumvi hutiwa tu unapokaribia kukaanga. Mawese yawe mengi na yawe na moto, na kitunguu kizima kielee ndani yake ili mafuta yasiungue upesi. Rojo isiyopigwa vya kutosha hutoa acarajé nzito kama jiwe. Yenye maji mengi hutawanyika mafutani. Ya barabarani hupasuliwa ikajazwa vitoweo, ila ya Iansã hutolewa nzima, na yeye hapewi kondoo wala boga.

Usiku wa sherehe yenyewe, mgeni avae nyeupe au rangi nyepesi, asivae nyeusi, azime simu, asipige picha bila ruhusa ya mama wa nyumba, na aketi upande atakaoelekezwa. Ngoma ni tatu, rum, rumpi na lé. Ketu huzipiga kwa fimbo, Angola kwa mikono. Nazo hulishwa kabla ya msimu, kwa hiyo hazishikwi ovyo, na hakuna kukatiza mbele yake. Wacheza huzunguka kinyume cha saa, nyimbo zikifuata mpangilio unaoanza na Ogum, orisha wa chuma na vita, baada ya Exu na kumalizika na Oxalá, ambaye akiingia kila mtu husimama. Mtu akipandwa na orisha usimguse wala usimdake. Wapo wanawake wenye cheo cha ekedi, ambao hawapandwi, na kazi yao ni kumtunza, kumfuta jasho na kumfunga nguo. Nyama inayopakuliwa mwishoni ni ya wanyama waliochinjwa kwa ibada hiyo, jambo ambalo Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Machi 2019 kuwa halivunji katiba. Sahani huja usiku sana. Ipokee kwa mikono miwili, na usichoweza kukila omba kifungiwe uondoke nacho, usikiache chini ya kiti.